Rimma, Fundi wa Kabla ya Uso

Saa tatu asubuhi, mwezi wa Desemba, na Kronstadt, mji wa kisiwani karibu na Petersburg, Urusi, bado ni giza. Taa ya mezani inawaka dirishani ghorofa ya tatu, na chini ya taa hiyo Rimma Osipovna Tyurina anatia nanga kwa brashi kwenye kola ya mwanamaji wa bati asiyezidi urefu wa kidole.

Nanga yenyewe ni ndogo kuliko chembe ya ufuta. Rimma anabana pumzi, anagusa mara moja, anaachia pumzi. Anageuza kizibo alichombandikia mwanamaji huyo, anagusa upande wa pili wa kola. Nanga mbili, zimelingana.

"Pumzi ndiyo adui," anasema bila kuinua kichwa. "Mkono uliolala vizuri hautetemeki. Pumzi ndiyo inayotikisa nyumba."

Mbele yake wamesimama wengine kumi na mmoja, kila mmoja juu ya kizibo chake. Ni wanamaji wa kikosi cha walinzi wa Tsar, wa enzi za vita vya Napoleoni, mabaharia waliotolewa melini wakapelekwa kupigana nchi kavu. Wamevaa makoti ya kijani kizito kinachokaribia weusi, yenye utepe mweupe mwembamba kwenye mapindo. Kofia zao zina mashungi meusi marefu. Vifungo vinang'aa, lakini buti zina vumbi la safari, maana Rimma hapendi askari anayeonekana ametoka dukani sasa hivi.

Kitu kimoja tu hawana. Hawana uso. Chini ya ukingo wa kila kofia kuna bati lililopakwa rangi ya msingi ya kijivu, basi. Hakuna jicho, hakuna mdomo.

"Usiwaonee huruma," anasema Rimma. "Nimeishi na watu wa namna hii miaka ishirini na sita. Hawaulizi chakula kiko wapi."

Rimma ana umri wa miaka sitini na moja na kazi yake ina jina ambalo huwachekesha wageni. Katika karakana za askari wa bati za Petersburg, mafundi wamegawanyika mafungu mawili, na majina ya mafungu hayo wameyaazima kwa wachoraji wa picha takatifu za makanisani. Wapo watu wa uso, na wapo watu wa kabla ya uso.

Mtu wa kabla ya uso hupaka kila kitu: koti, mkanda, bunduki, buti, hata matope chini ya buti. Akimaliza anampa mwenzake, mtu wa uso, naye anaingiza roho. Jina linalotajwa kwa wateja ni la mtu wa uso. Huyo wa kabla hatajwi.

"Watu huniuliza, 'Wewe unafanya nini?' Nikisema mimi ni wa kabla ya uso, wanadhani nafanya usafi," anasema.

Zamani alikuwa mchoraji wa ramani za mashine katika karakana ya kutengeneza meli, hapo hapo Kronstadt. Alichora mistari iliyonyooka kwa kalamu ya wino, na kosa moja lilimaanisha kuanza karatasi upya. Kazi zilipopunguzwa, alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Jirani akamwambia kuna watu mjini wanatafuta mikono isiyotetemeka. Akaenda. Akapewa mpiga ngoma mmoja wa bati kwa majaribio, akarudi naye kesho yake. Hakuulizwa swali la pili.

Kwa kila askari hulipwa rubli elfu mbili na mia tano. Mtu wa uso hulipwa kiasi hicho hicho kwa eneo lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Rimma halalamiki. Pensheni ikijumlishwa humo, joto la nyumba linalipwa, dawa za shinikizo la damu zinanunuliwa, na viazi vipo.

Wanunuzi wake hajawahi kuwaona. Anajua tu kwamba wapo: madaktari wa meno, mawakili, watu wenye makabati ya vioo. "Nimevisha jeshi zima," anasema. "Sijui hata mmoja amelala wapi."

Mumewe, Stepan, fundi wa injini za meli, alifariki kwa ugonjwa wa moyo miaka tisa iliyopita. Binti yao, Taisia, yuko Murmansk, mbali kaskazini, na hupiga simu kila Jumapili.

"Ananiuliza hali ya hewa ya huku, namuuliza hali ya hewa ya huko. Tumemaliza," anasema Rimma. "Si mtoto mbaya. Ana watoto, ana kazi, ana mume anayekoroma. Mimi sina la kumsimulia. Nimweleze vifungo?"

Kati ya Jumapili moja na nyingine, nyumba huwa kimya. Anapika supu ya siku kadhaa kwa pamoja. Redio aliizima kwa sababu mtangazaji anacheka peke yake. "Kuna siku nasema asante dukani, nashtuka. Sauti ina kutu."

Siku iliyokuwa na maneno ilikuwa Alhamisi.

Kila Alhamisi Rimma aliwapanga askari wake kwenye trei ya mayai, akaifunga kwa kitambaa, akapanda basi linalopita barabara ya juu ya ukuta wa bahari mpaka Lomonosov, ng'ambo ya pili. Huko anaishi Innokenti Savvich Lopatin, mwenye umri wa miaka sabini na sita, mtu wa uso. Kabla ya bati alikuwa akipaka waigizaji nyuso katika ukumbi wa maigizo. Husema askari ni bora kuliko waigizaji kwa sababu hawalalamiki kuhusu pua.

Wawili hao huitana kwa majina ya baba tu, Osipovna na Savvich, kama wanavyoitana watu waliokula pamoja muda mrefu. Wanatupiana maneno kuanzia mlangoni.

"Osipovna, umenuna kama kabichi ya mwaka jana."

"Basi limekaa barabarani. Upepo."

"Upepo haununishi mtu. Njaa ndiyo inanunisha. Vua buti, chai ipo."

"Mkate je?"

"Mkate ulipaswa kuuleta wewe. Mimi ni mzee, wewe ni kijana."

"Kijana wa pensheni."

Wanakunywa chai kwa jamu ya zabibu nyeusi za bustanini. Savvich anavaa kioo chake cha kukuzia, anawatoa askari mmoja mmoja kwenye trei, anawakagua kama daktari wa jeshi. Huyu mkanda wake umelegea. Huyu koti limembana, amenenepa njiani? Rimma anamjibu. Kisha Rimma anarudi nyumbani na trei ya wale wa wiki iliyotangulia, sasa wana nyuso, na wanaonekana kama watu wanaojua siri fulani.

"Miaka yote hiyo hajawahi kuniambia neno zuri," anasema Rimma. "Lakini alikuwa ananisema mimi. Si hali ya hewa. Mimi."

Mambo yalianza kuharibika Oktoba. Trei ilirudi na mpiga ngoma ambaye jicho lake moja lilikuwa limeshuka. Rimma alimtazama jioni nzima akidhani ni taa. Alhamisi iliyofuata akambeba tena.

"Savvich, huyu ana jicho shavuni."

"Amepigwa risasi."

"Savvich."

"Basi amelewa. Si baharia?"

Rimma hakucheka. Mzee akanyoosha mkono wake wa kulia, akauweka mezani karibu na glasi ya chai, na kijiko kilichokuwa ndani ya glasi kikaanza kulia chenyewe.

"Mkono umestaafu," alisema. "Wala haukuniuliza."

Akamweleza na la pili, kwa sababu alikuwa ameshaanza. Binti yake anayeishi Samara, mbali ndani ya nchi, amemtengea chumba. Atakuja kumchukua masika, barafu ikishavunjika. Chumba kina dirisha linalotazama kiwanda cha mikate.

"Utanenepa," Rimma alimwambia.

"Nitanenepa."

Hiyo ndiyo sababu wanamaji kumi na wawili wamesimama Desemba hii juu ya vizibo vyao bila nyuso. Rimma amewavisha wote na hajui awapeleke wapi.

Aliyelazimisha uamuzi ni Vadim, mwenye karakana ya Petersburg inayowapa kazi. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye haraka lakini si mkorofi. Alipiga simu.

"Rimma Osipovna, mteja anataka wanamaji wake kabla ya Pasaka. Nyuso ziko wapi?"

"Savvich ana mafua."

"Tangu Oktoba?"

Rimma akahamishia simu sikio la pili.

"Mama, niseme wazi," Vadim alisema. "Hapa nina vijana. Mmoja anapaka kofia, buti, macho, vyote peke yake. Kazi ya kabla ya uso peke yake siwezi kuibeba tena. Niletee wanamaji wenye nyuso, zako au za nani sijui, na kazi itaendelea. Wasipokuwa na nyuso nitawapokea hivyo hivyo, nitakulipa, na tutaagana vizuri."

Rimma huyarudia maneno hayo mpaka leo. "Tutaagana vizuri! Hakuna kuagana vizuri. Kuna kuagana tu."

Alhamisi hiyo alipomweleza Savvich, mzee hakufikiri mara mbili.

"Paka wewe."

"Mimi ni wa kabla."

"Na mimi nilikuwa wa nywele nyeusi. Mambo hubadilika."

"Siwezi."

"Unatia nanga kwenye kola, unashindwa jicho? Jicho ni nanga isiyo na kamba. Acha deko."

Alikataa. Alikataa wiki hiyo, akakataa na iliyofuata, mpaka Savvich akamwita punda wa Kronstadt. Mzee alidhani anaogopa. Rimma anasema haikuwa woga.

"Hesabu ni rahisi," anasema, akifuta brashi kwa kitambaa. "Nikijua kutia uso, sina sababu ya kupanda basi. Nitafika pale ataniuliza umeleta nini, na mimi nina mikono mitupu. Sisi hatuna mazoea ya kutembeleana. Tuna mazoea ya kazi. Yeye alikuwa bado yupo mpaka masika, na mimi nianze kumfukuza Desemba?"

Lakini asipojua kutia uso, kazi ingeisha, na baada ya masika asingebaki hata na vifungo. Aliligeuza jambo hilo kila upande, likabaki vile vile. Hatimaye akachukua mwanamaji wa mwisho kwenye mstari, akabana pumzi, akaanza.

Alimpaka kwa uangalifu kuliko alivyowahi kupaka kitu chochote. Akamfunga kwenye trei peke yake, akampeleka Lomonosov. Savvich akavaa kioo chake cha kukuzia. Akatazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na Rimma akalazimika kumpiga mgongoni.

"Osipovna! Osipovna wee! Umemvalisha uso!"

Kosa lake lilikuwa kosa ambalo ni mtu wa kabla ya uso tu anaweza kulifanya. Mkanda unapokutana na koti, fundi huvuta mstari mwembamba wa giza katikati ili vitu viwili vitengane. Kola na shingo, mstari. Kifungo na kitambaa, mstari. Rimma alikuwa amevuta mistari hiyo miaka ishirini na sita, na mkono wake ulivuta bila kumwuliza. Pua aliizungushia mstari, midomo mstari, macho mistari. Mwanamaji alionekana kama mtu aliyeshonewa uso na fundi cherehani.

"Pua ina mshono," Savvich alisema akipangusa machozi. "Mdomo umefungwa vifungo. Lete spiriti tumvue kabla hajapata joto."

Wakamwosha. Bati likarudi kuwa bati. Hapo mzee akaacha kucheka.

"Koti lina mwisho," alimwambia. "Linaishia mahali, kinaanza kitu kingine. Uso hauna mwisho. Shavu halijui ni wapi limeacha kuwa shavu likawa pua. Linageuka tu. Wewe unapaka unachokijua. Paka unachokiona."

"Naona nini? Bati."

"Mtazame mtu. Mara ya mwisho umemtazama mtu lini?"

"Nakutazama wewe kila Alhamisi."

"Eti eh. Geukia dirishani. Geuka! Haya, macho yangu yana rangi gani?"

Rimma alitazama theluji ya nje. Alitafuta kichwani mwake, miaka yote hiyo ya chai, akakuta kioo cha kukuzia, jamu, mikono, sauti.

"Ya kijivu," alisema.

"Ya kahawia, mama wee."

Alitaka kujitetea. Alisema hata yeye Savvich asingejua rangi ya macho ya Rimma.

"Ya kijani," mzee alijibu papo hapo. "La kushoto limekolea zaidi. Nimeshalitumia kwa nahodha mmoja, zamani. Aliuzwa vizuri."

Rimma anaposimulia hapo huweka brashi chini. "Nilirudi na basi nikiwa nimekasirika," anasema. "Sijui nilimkasirikia nani. Kuna nahodha mahali fulani, kwenye kabati la mtu, ana jicho langu, na mimi sijui."

Baada ya hapo akaanza kutoka. Si kwa matembezi, kwa kazi. Alisimama kwenye foleni ya duka akiwakodolea watu macho mpaka mwanamume mmoja akageuka.

"Shangazi, nimekuibia nini?"

"Hujaniibia. Simama hapo hapo, mwanga mzuri."

Mji wa Kronstadt umejaa wanafunzi wa chuo cha jeshi la maji, vijana wenye makoti meusi na masikio mekundu kwa baridi. Rimma alimtazama mmoja wao kituoni muda mrefu, akimsoma kidevu.

"Bibi," kijana alisema kwa adabu, "mimi nina mchumba."

"Mwambie pole. Masikio yako hayalingani."

Aligundua mambo. Aligundua kwamba midomo ya mtu anayesubiri basi haifungi kabisa. Kwamba baridi haitii wekundu pua peke yake, hutia na kope pia. Kwamba muuzaji wa dukani ambaye amempa chenji tangu enzi za mumewe ana kovu dogo juu ya nyusi. Alimwuliza amelipataje. Akasimuliwa habari ya baiskeli na mbwa, foleni nzima ikasubiri.

Lakini akirudi nyumbani akakaa mezani, nyuso zilikuwa zimekwenda na wenyewe. Alijaribu kioo, akampa mwanamaji uso wake mwenyewe. "Alionekana kama mtu aliyeambiwa basi limeshapita," anasema. Akamwosha huyo haraka kuliko wote.

Ndipo siku moja, tena haikuwa Alhamisi, akafungasha rangi, brashi, taa na wanamaji wote kumi na wawili, akaenda kugonga mlango Lomonosov.

"Leo siku gani?" Savvich aliuliza.

"Kaa kwenye kiti, karibu na dirisha. Usiongee."

"Kwenye nyumba yangu?"

"Usiongee, mdomo unahama."

Alikaa. Rimma anasema mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Kumtazama mwanamume moja kwa moja, kimya, bila chai katikati, si jambo alilolizoea hata kwa marehemu mumewe. Aliona alama ndogo ya wembe chini ya taya. Alikuwa amenyoa kwa mkono ule unaotetemeka. Aliona kwamba upande mmoja wa uso ulikuwa mzee kuliko mwingine. Aliona kwamba mzee naye ana aibu, ndiyo maana anaongea kwa pembe ya mdomo.

"Nani huyo unampaka?"

"Mwanamaji."

"Mzuri?"

"Ana pua yako."

"Basi mzuri."

Aliendelea kwenda hivyo majuma kadhaa, siku nyingi zaidi ya Alhamisi. Savvich aliufundisha mkono wa Rimma na macho yake kwa pamoja, na hakumwonea huruma. Alimkataza weupe mtupu kwenye jicho. Alimwambia mboni ielekezwe pembeni kidogo, isitazame mbele sawasawa, kwa sababu askari anayetazama mbele sawasawa anaonekana amekanyaga nyoka.

"Sasa wote wanatazama nje ya dirisha," Rimma alimwambia siku moja, wanamaji sita wakiwa wamekwisha. "Hata mmoja hanitazami."

"Wana akili."

Waliokamilika walipelekwa mjini mwezi wa Machi. Vadim aliwapanga chini ya taa, akainama, akawakagua taratibu mno kwa mtu mwenye haraka. Akawatenga tisa upande wa kulia. Watatu akawaacha.

"Rimma Osipovna, hawa tisa nawachukua, na nitakuomba wengine. Lakini hawa watatu," alisema akikuna shingo, "hawa wanapokea pensheni?"

Rimma akawatazama. Walikuwa watatu wa kwanza aliowapaka kule dirishani. Kwa wengine wote mkono ulikuwa umeshajifunza kukumbuka, wakawa na masikio na midomo ya vijana wa kituoni. Hawa watatu walikuwa Savvich mtupu, mwenye bunduki begani na mifuko chini ya macho.

Mzee alipoambiwa alifurahi kupita kiasi.

"Mwambie huyo Vadim wako, mabaharia hao walijenga madaraja kwenye theluji! Na yeye akajenge madaraja kwenye theluji tuone kama hatazeeka!"

"Nataka niwabakize," Rimma alisema. "Nitamlipa bati lake, nipake wengine watatu."

Savvich akaacha kucheka.

"Wafute."

"Kwa nini?"

"Wafute, Osipovna. Sitaki kukaa kwenye rafu yako unanipangusa vumbi. Nikienda, nimekwenda. Ukinitaka, piga simu. Lete spiriti."

Akawafuta pale pale mezani, mmoja baada ya mwingine, mzee akimtazama. Akiulizwa kama iliuma, Rimma huinua mabega.

"Yeye aliniuliza kama pamba inatosha," anasema. "Halafu akasema niangalie nisitoe na kola. Nikamwambia kola zangu hazitoki."

Watatu hao walipakwa upya na kupokelewa. Sasa Rimma analipwa koti na uso kwa pamoja, na mezani pake kuna kikosi kingine, wapiga mizinga wa meli. Fedha imeongezeka. Maneno yamepungua, kama alivyojua yatapungua.

Ni masika sasa, na barafu ya ghuba imeanza kupasuka. Kandokando ya barabara za Kronstadt wanauza wale samaki wadogo wa masika wanaonuka tango, na Rimma humpelekea Savvich mfuko mmoja kila Alhamisi. Mzee hulalamika kwamba ni wadogo, kisha huwamaliza na vichwa. Masanduku yake mawili yako ukumbini, yamefungwa kamba. Binti yake atafika baada ya Pasaka.

Siku hizi wanakaa na hawana kazi ya kufanya. Mara ya kwanza, Rimma anasema, walikaa kama watu wawili hospitalini. Alitafuta kitu cha kushika. Mzee akamsaidia kwa njia yake.

"Umeleta nini?"

"Samaki."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine. Nimekuja tu."

"Ah," Savvich alisema, akamsogezea jamu. "Ujinga mpya."

Atakapoondoka, Rimma hatapanda tena basi la ukuta wa bahari. Hilo halifichi, wala halipambi kwa maneno. Taisia amemwambia ahamie Murmansk, naye amesema atafikiri, ambayo kwa lugha ya nyumba hiyo ni hapana. Anasema hawezi kwenda kukaa kwenye kona ya jiko la mtu. Ana kazi, na sasa ana mpango.

Wiki iliyopita alimpigia Vadim. Alimwambia kwamba kupaka vyote peke yake anaweza, mkono upo, lakini hataki. Anataka abaki mtu wa uso, na atafutiwe mtu wa kabla.

Vadim alishangaa. Malipo yangegawanywa tena nusu kwa nusu, alimkumbusha. Rimma akasema anajua kugawanya. Basi Vadim akakumbuka kwamba kuna mama mmoja wa Sestroretsk, Faina, mshonaji aliyefunga duka lake, aliyemletea askari wawili wa majaribio. Mkono wake ni safi.

"Nzuri zaidi, hamtasumbuana," Vadim alimwambia. "Yeye atavisha huko kwake, nitamtuma mjumbe alete kwako, ukimaliza mjumbe anachukua. Hamna haja hata ya kuonana."

Rimma alikataa hapo hapo. Akampa masharti yake, na ameyarudia kwa sauti kubwa kidogo kuliko inavyohitajika katika chumba kile, kama mtu anayejaribu kuondoa kutu.

"Faina atengeneze makoti anavyojua, mimi sitamwingilia. Vifungo vikipinda nitamwambia vimepinda. Lakini mjumbe simtaki. Alete mwenyewe, kwa mkono wake, kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe."

Anachovya brashi, anabana pumzi, kisha anaiachia kabla hajagusa kitu.

"Na akifika," anasema, "asiniambie ana haraka."